Kiti Kilichotazama Majeneza

Vijana wangu wa koti jeupe, mulembe.

Mmenisumbua sana niandike kuhusu kazi. Mnataka nieleze jinsi mfamasia alivyotoka nyuma ya kaunta akaanza kumhudumia mgonjwa kama mtu, badala ya kuuona mkono tu unaopenya dirishani na karatasi. Kwenye semina zenu jambo hilo lina majina marefu. Mimi nitalieleza kwa kiti. Kiti kimoja cha plastiki, rangi ya buluu, chenye ufa mguuni, ambacho nusura kimuue jirani yangu na hicho hicho kikamwokoa. Mkinisikiliza vizuri mtajifunza kitu. Msiposikiliza, basi mtacheka, na kicheko ni dawa isiyohitaji kuwekwa kwenye friji.

Kwanza tuelewane kuhusu cheo. Mimi si daktari. Nimekuwa mfamasia hapa Kakamega tangu nywele zangu zikiwa nyeusi bila kusaidiwa, na siku zote nimeitwa Daktari, kwa sababu hapa kwetu yeyote mwenye koti jeupe ni daktari. Anayeponyoka ni muuza nyama peke yake, na hata yeye nimewahi kumsikia akiulizwa habari za mgongo. Zamani nilikuwa nakataa. Baadaye nilichoka kukataa. Likumbukeni hili la koti, kwa maana litarudi.

Kemisti haikuwa yangu mwanzoni. Ilikuwa ya Mzee Rajabu, mtu wa Mumias, mwenye kofia nyeupe na subira ya kukera. Mteja akiingia na kusema, "Nipe ya kichwa," mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye rafu. Mzee Rajabu aliupiga kwa kijiti cha kuhesabia tembe.

"Salamu kwanza," alisema. "Halafu uliza. Halafu uliza tena. Halafu, binti yangu, uliza tena."

Aliamini kwamba jibu la kwanza la mgonjwa ni adabu tu, la pili ni la kuficha aibu, na ugonjwa wenyewe hutoka kwenye la tatu. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na vyeti vyangu, nikaona mzee ana maneno mengi. Ndipo akaja mama mmoja wa Butere.

Mama huyo alikuwa na kidonda mguuni. Nilikuwa nimempa dawa wiki moja kabla na kumwambia vizuri kabisa, "Mama, meza moja mara tatu kwa siku, baada ya chakula." Amerudi, kidonda kimezidi, na pakiti bado imejaa zaidi ya nusu. Nikaanza kumgombeza. Mzee Rajabu akanisogeza kando kwa kiwiko.

"Asalaam aleikum, mama. Dawa ulimeza?"

"Nilimeza, mzee."

"Ulimezaje?"

"Vile huyu msichana alisema. Baada ya chakula."

"Na unakulanga saa ngapi?"

"Jioni."

"Asubuhi hauli?"

"Asubuhi ni chai na viazi vitamu tu."

"Na mchana?"

"Mchana ni mahindi ya kuchemsha, mzee. Chakula ni jioni."

Nilitaka sakafu inimeze. Mimi ni binti wa Shinyalu, nimelelewa kwa obusuma, ugali wetu, tangu kuota meno, na ninajua fika kwamba kwetu mtu anaweza kumaliza sinia la viazi na nusu mkungu wa ndizi, kisha akalalamika kwamba hajala tangu asubuhi, maana ugali haujapita. Mama wa watu alikuwa ametii maagizo yangu neno kwa neno. Tembe moja kwa siku, baada ya ugali wa jioni. Siku moja tu alimeza mbili, siku walipochinja kuku, ingokho, kwa ajili ya wageni, kwa heshima ya ingokho.

Tangu siku ile sijawahi kumwambia mtu "baada ya chakula" nikaishia hapo. Nasema asubuhi, mchana na jioni, kisha namwomba anirudishie kwa maneno yake. Nyinyi mnabandika karatasi iliyochapishwa kwenye chupa na kudhani mmeongea. Karatasi haiulizi swali la tatu.

Haya, tuje kwenye kiti.

Mzee Rajabu alipostaafu na kurudi Mumias kulea wajukuu na kuku, aliniachia duka. Nikaanza kuona jambo lililokuwa mbele yangu miaka yote. Watu walikuwa wanakuja kuchukua tembe za presha, zile zile, mwezi baada ya mwezi, na ukimuuliza mtu lini alipimwa mara ya mwisho, anaanza kukumbuka harusi ya nani ilikuwa karibu. Hospitalini foleni ni ndefu. Kwangu hakuna foleni. Kwa nini nisiwapime mimi?

Nikanunua mashine nzuri, ya kufunga mkanda kwenye mkono wa juu. Nikanunua kiti cha buluu. Nikakiweka karibu na mlango, mbali na kaunta, ili mtu asimulie shida zake bila wanaonunua sabuni kumsikiliza, na nikakielekeza barabarani ili apate hewa. Kila kitu nilifanya kama kitabu kinavyosema, nanyi mfanye hivyo hivyo. Mtu akae dakika tano ametulia. Mgongo uegemee. Miguu yote miwili chini, asiikunje moja juu ya nyingine. Mkono uwe usawa wa moyo. Asiongee. Na kabla ya hayo yote, aende msalani. Hili la msalani msilidharau, kibofu kilichojaa kina presha yake.

Basi nikapima. Mwalimu wa Chekalini: juu. Muuza nguo wa sokoni: juu. Dereva wa lori la mahindi kutoka Matete: juu sana. Bibi arusi mtarajiwa aliyekuja kununua mafuta ya ngozi tu, nikamlazimisha akae: juu. Kila mmoja nilimwandikia barua ya kwenda hospitalini. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nimeandika barua kumi na tisa, na nisiwafiche, nilijiona shujaa. Nikampigia Mzee Rajabu simu.

"Mzee, mji mzima una presha!"

"Uliza tena," akasema, na kukata simu akalishe kuku.

Sikuuliza. Aliyekuja kuniuliza ni Daktari Wafula, kijana wa hospitali moja hapa mjini, ambayo sitaitaja. Aliingia asubuhi, duka limejaa, akaziweka barua zangu zote juu ya kaunta kama karata.

"Huyu mwalimu, tumempima. Kawaida. Huyu mama wa nguo, kawaida. Dereva, kawaida. Bibi arusi ana afya kukushinda wewe na mimi. Dada, tuna wagonjwa wa kweli kule. Naomba usituandikie tena. Barua ikitoka hapa sitaisoma."

Wateja wakaniangalia. Mmoja akakohoa, na hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Kabla soko halijafungwa mashine yangu ilikuwa imepewa jina mtaa mzima: Mwongo. Watoto walipita wakipiga kelele, "Daktari, Mwongo ameamkaje?" Nilicheka nao mdomoni, lakini moyoni nilikuwa nimeumia. Nilibadilisha betri. Nilibadilisha mkanda. Nikanunua mashine ya pili, nayo ikasema yale yale.

Siku moja, kama saa tano asubuhi, miguu iliniuma nikajitupa kwenye kiti cha buluu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukikalia. Nikainua macho kutazama barabarani.

Ng'ambo ya barabara ilikuwa karakana ya Fundi Shivachi. Fundi Shivachi alikuwa jirani yangu wa miaka mingi, mtu mchangamfu, mpenda utani, na kazi yake ilikuwa kutengeneza majeneza. Nilijua hivyo. Nilimsalimia kila siku. Lakini mimi nilikuwa namwona nikiwa nimesimama, nikipita. Sikuwa nimewahi kuona kile alichokuwa anaonyeshwa mgonjwa aliyekalia kile kiti.

Majeneza matano yalikuwa yamesimamishwa wima kando ya barabara, vifuniko wazi, ndani kitambaa cheupe kinang'aa. La katikati lilikuwa na kidirisha cha kioo, usawa kabisa wa macho yangu. Na Shivachi mwenyewe amesimama kando, tepu shingoni, ananitazama. Fundi yule alikuwa na jicho la ajabu, alijivunia kwamba anaweza kujua urefu wa mtu bila kumpima. Na kwa mazoea tu, bila ubaya wowote, kila mtu aliyekaa pale alimwangalia kutoka utosini hadi kwenye viatu, akikunja jicho moja, midomo ikihesabu. Akimaliza, kwa kuwa alikuwa na adabu, aliinua tepu na kumsalimia.

Aliinua tepu. Akanisalimia.

Nikajifunga mkanda nikajipima. Presha yangu, mimi ninayetembea kwa miguu kutoka nyumbani kila siku, ilikuwa juu kuliko ya dereva wa Matete.

Wee! Nilicheka hadi nikashika mlango. Watu kumi na tisa nilikuwa nimewaambia, "Tulia dakika tano, usiongee, tazama mbele." Mkisahau mengine yote, shikeni hili: kabla hujamkalisha mgonjwa, kaa wewe. Ona anachokiona.

Nikavuka barabara kwenda kugomba.

"Fundi, geuza masanduku yako. Yanawatisha wagonjwa wangu."

"Ati nini?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakalia benchi. "Kwa hivyo mimi ndio napandisha presha ya Kakamega? Daktari, biashara inataka barabara. Wewe geuza kiti. Kwanza ngoja nione vile inaonekananga kutoka huko."

Akavuka nami, randa bado mkononi, vumbi la mbao kwenye nyusi. Akakaa, akayatazama majeneza yake. "Sasa ile ya katikati nimeinyoosha vizuri sana, ama?" Nikamfunga mkanda. Mashine ikavuma, ikasimama, ikaandika mia moja tisini na nane kwa mia moja kumi na sita.

Nikapiga makofi. "Hata wewe! Hata wewe unayaogopa!"

Tukacheka wote wawili. Akarudi kazini akijisemea, "Mwongo huyo, Mwongo huyo." Nami nikageuza kiti kikatazama ukuta, nikatundika kalenda yenye picha ya ng'ombe wa maziwa. Nilifurahi sana.

Vijana, kosa kubwa la maisha yangu ya kazi halikuwa mahali nilipokiweka kile kiti. Lilikuwa kile kicheko.

Saa saba mchana nilikuwa nyuma ya duka nakula obusuma na mboga za tsisaka. Nikawa namwangalia yule ng'ombe wa kalenda na kujisifu kwamba hakuna mtu wa huku anayeweza kuogopa ng'ombe, tumezaliwa nao. Tonge likaishia njiani kuelekea mdomoni.

Ng'ombe haogopwi na mtu anayeishi naye. Na majeneza?

Shivachi alikuwa anatundika koti lake ndani ya jeneza. Chupa yake ya chai ilikaa ndani ya jeneza. Kila mchana baada ya kula alijilaza kwenye lile la kidirisha, kwa sababu, alisema, vumbi la mbao haliingii usoni. Katika mji huu wote kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye masanduku yale hayangeweza kumpandishia presha hata kidogo. Na ndiye niliyemcheka na kumwacha aende.

Niliogopa. Sikunawa mkono. Nilivuka barabara na mabaki ya mboga kidoleni, mwenye pikipiki akinitukana.

Karakana ilikuwa kimya. Jeneza la kidirisha lilikuwa limelazwa chini, kifuniko nusu, na ndani yake Shivachi, mikono kifuani, mdomo wazi. Nilikuwa nimemwona akilala hivyo mara mia na kumtania. Siku ile nilipiga ukemi ambao nafikiri ulisikika Mumias.

Shivachi akaruka akakaa wima. Sasa wakati huo huo kulikuwa na mama anapita na ndizi kichwani. Aligeuka kutazama nani anapiga kelele, akamwona mtu anafufuka. Ndizi alituachia. Hadi leo hajazirudia.

"Daktari, unataka kuniua?" Shivachi akauliza.

"Fundi, unaumwa?"

"Mimi? Mimi ni mzima kabisa."

Hilo lilikuwa jibu la adabu. Nikakaa juu ya jeneza la pili, pumzi juu juu, nikauliza tena.

"Ah, kichwa inaumanga asubuhi tu. Nikifunga na kitambaa inaisha."

Nikauliza mara ya tatu, polepole, kama Mzee Rajabu. Fundi akavua tepu shingoni akainyoosha mbele ya uso wake.

"Hizi namba," alisema, "na hii jicho ya kushoto sizioni tangu jana. Leo nimekata mbao fupi mara mbili. Mimi, Shivachi, mbao fupi."

Nikamwambia twende hospitalini sasa hivi. Akakataa. Nikafoka, akakataa. Nikauliza kwa nini, mara moja, mbili, na ya tatu akaniambia.

Kumbe alishawahi kupatikana na presha. Alipewa tembe na kitabu cha kliniki. Akaenda siku ya kwanza, akapanga foleni. Aliyekuwa mbele yake akamtambua, akahama. Aliyekuwa nyuma akahama. Msichana mmoja aliyekuwa na mamake mgonjwa alipomwona tu alianza kulia. Askari wa getini akaja akamshika kiwiko. "Fundi, toka. Hapa hakuna mtu amekufa. Ngojea nje kama wenzako." Kitabu cha kliniki kilikuwa mkononi mwake. Hakuna aliyekitazama.

"Fundi wa masanduku akionekana hospitali, watu wanasema amekuja kutafuta kazi," alisema. "Sikurudi tena. Tembe ziliisha, nikaacha." Alisimulia akicheka, lakini hakuwa ananiangalia. Nilijaribu kucheka naye, nikashindwa.

Hapo ndipo nilipokumbuka koti. Nilikuwa na la pili, kubwa, lilikuwa la Mzee Rajabu. Nikarudi mbio nikalichukua, nikamvika Fundi Shivachi pale pale, nikampangusa nyusi, nikamtia kalamu mfukoni.

"Usiongee na mtu," nikamwambia.

Tukapanda tuktuk. Getini alikuwepo askari yule yule. Akasimama wima. "Karibu, daktari," akamwambia Shivachi. Na Shivachi, mwenye kichwa kinachopasuka na jicho moja gizani, akamjibu kwa sauti nzito, "Asante, endelea na kazi."

Ndani kwenye ukumbi mwanamume mmoja akamzuia. "Daktari, samahani, hii goti yangu..."

"Mimi niko idara ya mbao," Shivachi akamjibu, bila kusimama.

Nilikuwa naogopa sana, na bado ilinibidi niume mdomo nisicheke.

Daktari Wafula aliponiona alivua miwani. "Nilisemaje kuhusu barua?"

"Sikuleta barua. Nimeleta mtu."

"Na mashine yako ile..."

"Mashine yangu haijawahi kudanganya," nikasema. "Wale watu wote presha yao ilikuwa juu kweli, dakika ile. Niliwakalisha wakatazama majeneza, kosa ni langu. Lakini huyu ndiye aliyeyatengeneza. Hulala ndani yake akila chakula kikashuka. Amekaa kwenye kiti kile kile na imesoma mia tisini na nane. Na jicho la kushoto halioni tangu jana. Mpime, halafu unifukuze."

Alimpima mkono wa kulia. Akampima wa kushoto. Akachukua tochi akamtazama jicho. Hakunifukuza. Alimwita muuguzi kwa jina, upesi, kwa sauti ambayo sijaisahau, na dakika moja baadaye kitanda kilikuwa kinasukumwa. Mimi nilibaki nimeshika kalamu iliyoanguka kutoka mfukoni mwa lile koti. Nilikaa kwenye ngazi nikalia, nawaambia ukweli. Nililia kwa sababu nilikuwa nimecheka.

Siku ya tatu nilimkuta ameketi kitandani, mkewe anamlisha uji. Jicho lilikuwa limeanza kurudi, ukungu bado lakini namba kubwa anaona. Alipoona nimenuna akataka kunifariji, na mnajua fundi wa majeneza anavyofariji.

"Hata kama ningeenda, singesumbua mtu, Daktari. Mbao zangu ziko juu ya dari nyumbani. Mvule, ya shamba ya baba. Nimeziweka miaka mingi, hakuna mtu mwingine atalalia hizo."

"Ziache huko huko," nikamwambia. "Na umeze dawa."

"Baada ya chakula?"

"Asubuhi, Fundi. Ukila usile."

Sasa tatizo lilikuwa hili: alitakiwa kupimwa mara kwa mara, na kwenye foleni ile hakuwa na nafasi, koti au bila koti. Daktari Wafula mwenyewe ndiye aliyekuja kemisti. Safari hii alingoja wateja waishe. Aliangalia kile kiti, akaangalia ng'ombe, akakaa.

"Ukimpima wewe kila mwezi," alisema, "ukaniandikia namba na anavyojisikia, nitabadilisha dawa nikiwa kule. Utaweza?"

"Na barua zangu utasoma?"

"Nitasoma."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Hakukuwa na semina wala mgeni wa heshima. Kulikuwa na mtu mmoja asiyeweza kupanga foleni, daftari moja, na kijana mmoja aliyekubali kusoma. Akafuata mwalimu wa Chekalini, ambaye safari hii alikutwa na sukari. Halafu mama aliyekuja na dawa zake zote ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, nne kati yake zikiwa dawa moja yenye majina manne. Leo nyinyi mnapima, mnachanja, mnawapigia watu simu kuuliza wanaendeleaje. Mnadhani kazi ilizaliwa hivyo.

Na mtangazaji wangu mkubwa alikuwa Shivachi. Alipopona alisimama kando ya barabara na kumwita kila mpita njia mwenye tumbo. "Wewe! Ingia kwa Daktari upimwe. Hutaki? Basi kuja huku kwangu, nikupime mimi." Na tepu anainyoosha. Hakuna aliyechagua tepu. Nilikosa viti.

Nimestaafu mwaka huu. Siku ya mwisho niliwakabidhi funguo, mkanikatia keki. Mlipokwisha kuondoka alikuja Shivachi, mzee sasa, anavuta mkokoteni, na juu yake kiti. Mnakijua. Ndicho mnachokitumia. Mgongo wake umenyooka, mkono wa kuegemea uko usawa wa moyo, na chini kuna ubao ili miguu ya wafupi isining'inie. Alikipima kwa jicho tu. Nilipitisha kiganja juu ya mbao. Nzito, rangi ya asali iliyokolea, zimepigwa randa zikalainika. Nikazijua kabla hajasema.

"Fundi. Hii ni mvule."

"Ndiyo."

"Ya dari?"

Alikuna kichwa. "Nilienda kuziangalia, nikapata wadudu wameanza kuingia. Zimechoka kuningoja, Daktari. Nikasema basi, wacha watu wazikalie wakiwa hai."

Nikakikalia. Yeye akanitazama kutoka utosini hadi kwenye viatu, akakunja jicho moja, la kushoto, na midomo ikaanza kuhesabu, nikamtupia kitambaa cha kupangusia kaunta.

Basi vijana, sasa mnajua kiti chenu kimetoka wapi. Kilindeni na maji. Kisiguswe kutoka pale kilipo, mbele ya ng'ombe. Na mgonjwa akikisifu na kuuliza ni mbao za nini, msimjibu hata neno moja mpaka mashine imalize kusoma.